Silipi Faini ya Mkata

Kama ndiyo kwanza unanikuta leo, usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma. Yaliyopita yalikuwa matatizo tu. Ya leo ni aibu, na aibu haihitaji utangulizi mrefu.

Mimi ni Sabiri Mhina, Mzigua wa Handeni niliyehamia Kilole, hapa Korogwe mjini. Nina mke, Shamsia. Nina binti, Hajira, yuko shule ya bweni. Na nina kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo kanakobeba mihogo asubuhi na vitanda vya watu wanaohama jioni. Ndicho kinachotulisha.

Wiki iliyopita niliwasimulia trafiki wa Segera alivyonisimamisha, akabonyeza namba za gari kwenye mashine yake, akaniambia nadaiwa faini. Mwendo kasi. Mkata, wilayani Handeni, Alhamisi ya tarehe kumi na tano Mei, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nikacheka mbele yake. Alhamisi ile kirikuu changu kilikuwa Kilole, gereji kwa fundi Habakuki, kinatengenezwa giaboksi.

"Mzee," afande akasema, wala hakuwa na jeuri, "una njia mbili. Ulipe, au upinge mahakamani. Ni haki yako."

Kila mwenye akili aliniambia nilipe. Mimi nikasema silipi. Nikaandika maelezo polisi kwamba gari lilikuwa gereji, nikapewa tarehe. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, na Idi yangu mimi ilipangwa Jumatatu, mahakamani Handeni.

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa niungame jambo ambalo wiki iliyopita niliwaficha.

Jumamosi, siku mbili kabla ya kesi, nilikwenda gereji. Habakuki alikuwa chini ya lori la Fuso. Nikaona miguu tu, nikaipiga teke la utani.

"Mzigua," sauti ikatoka chini, "leo umekuja kwa miguu? Gari umeliuza ukalila?"

"Gari lipo, Msambaa. Toka huko. Nakutaka Jumatatu twende Handeni ukanitolee ushahidi."

Akatoka akijifuta mikono. Mvi kichwa kizima, ndevu nyeupe. Mzee wa kanisa, mtu wa Lutindi, fundi ambaye akibakiza hata nati moja ya mteja humrudishia kwenye karatasi. Hakuniuliza nauli. Hakuniuliza chakula.

"Nitafunga gereji twende," akasema. "Haki ya mtu haiachwi njiani."

Nikafurahi. Kisha akajikuna kidevu.

"Ila kuna kitu, Sabiri. Alhamisi ile mimi mwenyewe sikuwepo. Nilipanda Lutindi, kwetu milimani, kumzika mama mdogo. Gereji nilimwachia Zaidi."

Zaidi ni shemeji yangu, mdogo wake Shamsia. Mama yao alifariki Zaidi akiwa na miaka mitatu, na Shamsia alipokuja kwangu kama mke alikuja na huyo mtoto mgongoni. Ameota meno ya utu uzima nyumbani kwangu. Sasa ana miaka ishirini na tatu, hana leseni, na ni mimi niliyemwomba Habakuki amfundishe kazi.

Alikuwa pale pale, anaosha spea kwenye beseni la petroli.

"Zaidi," nikamwita, "Alhamisi ile gari lilitoka hapa?"

"Litoke vipi, shemeji?" Hakuinua uso. "Giaboksi bwana mkubwa aliifunga Jumatano jioni, oili haikuwemo. Lingetembea kwa dua?"

Tukacheka, mimi na Habakuki.

Wasomaji, nilipolichukua gari Ijumaa ile, taa ya kushoto ilikuwa mpya. Inang'aa, mwenzake wa kulia kakaa manjano kama jicho la mgonjwa. Nilimuuliza Zaidi. Akaniambia aliipasua kwa jeki, akaona haya, akanunua nyingine kwa hela yake. Nikamsifu mpaka kwa majirani. Kijana mwaminifu, nikasema, siku hizi hawapatikani.

Jumamosi ile pale gereji nilikuwa na nafasi ya kuuliza mara ya pili. Sikuuliza. Nilikuwa nimeshajiapiza kushinda, na mtu aliyejiapiza kushinda hataki kujua zaidi ya anachokihitaji.

Badala yake nikamshika Habakuki bega.

"Fundi, habari ya Lutindi usiitaje."

"Kwa nini?"

"Watasema hukuwepo, huna unachokijua. Sema ulikuwepo. Sema funguo ulikuwa nazo wewe."

Akaacha kujikuna kidevu.

"Sabiri, pale nitashika Biblia."

"Gari lilikuwa hapa au halikuwa hapa?"

"Lilikuwa hapa. Kijana kasema."

"Basi. Ukweli ni huohuo, unaupunguzia kona tu."

Akaokota spana yake. Halafu akasema, "Haya. Kwa kuwa ni wewe." Akarudi chini ya Fuso. Zaidi alikuwa bado anaosha spea ileile.

Nyumbani Shamsia aliandaa ugali na kisamvu, yeye mwenyewe hakula. Ilikuwa wiki ya tatu tangu chakula kianze kumshinda.

"Baba Hajira, lipa hiyo faini yaishe."

"Nilipe kosa la nani?"

"Kosa la shetani. Lipa tu. Watu wanalipa kila siku."

"Mama Hajira, wewe unanijua. Mimi sili, halafu nikubali kuitwa mlafi."

"Kwa hiyo utasimama mbele ya hakimu, kwa ubishi tu?"

"Kwa haki."

Akaondoa sahani. Niliamini anaionea uchungu siku ya kazi itakayopotea. Miaka ishirini nimelala na mwanamke huyu, na sikujua kabisa anachokilia.

Jumatatu tukaingia Handeni saa mbili na nusu, mimi na Habakuki, tumepanda kirikuu chenyewe. Nikakiegesha kando ya uzio wa mahakama. Habakuki alivaa koti la kanisani, kwapani kashika daftari la gereji. Tukakaa kwenye benchi la nje kusubiri kuitwa.

Pembeni yetu walikaa Wamasai wawili, kijana wa miaka kama thelathini na mama wa makamo. Kijana akanisalimia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Na nyie mna kesi?"

"Sisi hatuna kesi. Tunasikiliza tu."

"Mnasikiliza nini?"

Jina lake Kasaine. Alinieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi.

"Ng'ombe ikipotea, mzee, unakaa nyumbani? Hapana. Unaenda mnadani. Wiki hii haipo, wiki ijayo unaenda tena. Aliyeiba lazima ailete, na wewe alama yako unaijua. Sasa sisi baba yetu aligongwa na gari, akafa, gari ikakimbia. Kesi za magari zinaletwa hapa Jumatatu. Mimi na mama tunakuja kila Jumatatu. Siku moja italetwa."

Nikasema pole. Nilisema kwa moyo wangu wote, Mungu shahidi. Habakuki akavua kofia.

"Mzee aliitwa nani?"

"Lomayani. Alikuwa anavusha ng'ombe barabara, hapo Mkata. Mama huyu, Nkoile, alikuwa nyuma ya ng'ombe. Aliona."

"Aliona gari gani?"

"Gari ndogo. Nyeupe. Ya mizigo."

Kirikuu changu ni cheupe. Virikuu vyeupe mkoa huu vimejaa kama mbuzi. Ndivyo nilivyojiambia, mara mbili.

"Ilikuwa lini?" nikauliza.

Kabla hajajibu, karani akatokeza mlangoni. "Sabiri Mhina!"

Tukaingia. Kasaine na mama yake wakaingia nyuma yetu, wakakaa benchi la mwisho.

Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mpole wa sauti. Mwendesha mashtaka akasimama, akasoma. Namba za gari. Mwendo kasi eneo la makazi. Mkata. Alhamisi, tarehe kumi na tano Mei, saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Benchi la nyuma likalia. Nikageuka. Kasaine alikuwa amesimama, mama yake kamshika shuka. Askari wa mlangoni akamwashiria akae. Akakaa, lakini macho yake hayakukaa. Yalikuwa kwangu.

Sikuhitaji tena jibu la swali langu la nje.

"Mshtakiwa, ni kweli si kweli?" hakimu akauliza.

"Si kweli, mheshimiwa." "Gari lilikuwa gereji. Nina shahidi."

Nataka mnielewe vizuri hapa, maana ndipo ninapojichukia zaidi. Habakuki alitembea hatua kama kumi kutoka benchi hadi kizimbani. Hatua kumi zote nilikuwa na mdomo. Ningeweza kusema mheshimiwa, naiondoa kesi yangu, nalipa. Sikusema. Nilijiambia taa ni taa, gari jeupe ni gari jeupe, na Zaidi ni mtoto niliyemfundisha kuvaa viatu.

Habakuki akaapa. Akafungua daftari: kirikuu kimeingia Jumanne, kimetoka Ijumaa. Hakimu akalitazama, akalirudisha.

"Alhamisi wewe ulikuwepo gereji?"

Habakuki akanitazama. Nikaangalia sakafu.

"Nilikuwepo, mheshimiwa."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

"Funguo za gari alikuwa nazo nani?"

"Mimi. Za wateja wote hukaa mfukoni mwangu. Hakuna anayegusa gari la mteja pasipo mimi."

Alisema vizuri kuliko nilivyomfundisha. Fundi anayejali jina lake akianza kusifia gereji yake hajui kukatisha. Hakimu akaandika kila neno.

Mwendesha mashtaka hakumuuliza sana. Alitoa picha ya tochi, ile kamera ya kupima mwendo. Namba zangu zilisomeka wazi, kila herufi. Dereva hakuonekana, jua lilipiga kioo. Kisha akachukua karatasi nyingine.

"Mheshimiwa, kuna jambo la kushangaza. Mshtakiwa anapinga faini ambayo imeshalipwa."

"Imelipwa?" hakimu akauliza.

"Jana Jumapili, saa nane mchana."

"Sijalipa!" nikapiga kelele. "Mheshimiwa, naapa, sijalipa hata senti!"

"Imelipwa kwa simu. Aliyelipa ni Shamsia Sufiani. Mshtakiwa, unamfahamu?"

Chumba kizima kilinigeukia. Nilikuwa nimesimama pale najiona mpiganaji wa haki, kumbe mke wangu alishaninyoa bila maji tangu jana.

"Ni mke wangu," nikasema.

Hakimu akavua miwani. "Mzee Mhina, faini ikilipwa ni kosa limekubaliwa. Gari lilikuwa Mkata. Shauri hili limekwisha. Lakini ushahidi niliousikia hapa unasema gari halikuwa Mkata, na hilo mtaeleza mnakohusika." Akamtazama mtu mmoja mwenye shati la drafti aliyekaa kando ya karani. Yule mtu akaitikia kwa kichwa, akainuka.

Nilitoka nje nimeshika simu. Shamsia akapokea kabla haijaita vizuri.

"Umelipa," nikasema.

Nikasikia anafunga mlango.

"Shamsia, umelipa. Kwa nini?"

"Wameshasoma?" akauliza. "Wamesoma siku na saa? Mbele za watu?"

"Wamesoma kila kitu."

Akaanza kulia. Si kilio cha kuzozana, kilikuwa kile cha msiba.

"Nilidhani nikilipa hawatasoma. Nilidhani watasema imelipwa, basi, rudini nyumbani."

"Nani alikuwa anaendesha gari langu?"

"Baba Hajira..."

"Nani?"

"Zaidi." Akapumua. "Alitia oili, akasema anakwenda kulijaribu. Mtu wa Mkata alimwita akamsombee mihogo. Alitaka apate chake kidogo. Ng'ombe wakakatiza, na mzee katikati yao. Hakusimama. Aliniambia siku ileile, amepiga magoti jikoni. Nikamwambia anyamaze. Ni mimi niliyemwambia."

Nikashika uzio.

"Yule mzee amekufa," nikasema. "Mkewe yuko hapa. Nimekaa naye benchi moja."

"Ukimtaja Zaidi, utakuwa umenizika mimi. Mama alinikabidhi huyu mtoto akiwa anakata roho. Umenisikia? Umenizika mimi."

Nikakata simu. Nilipogeuka, Kasaine alikuwa nyuma yangu, mama yake pembeni, na yule mwenye shati la drafti. Sikujua wamesimama hapo tangu lini.

"Mimi naitwa Dunstan, mpelelezi," yule mwenye shati akasema. "Asubuhi ile tochi ya Mkata ilipiga virikuu vyeupe vitatu. Viwili nimeshavifuatilia, havimo. Cha tatu ni chako. Nilikiacha kwa kuwa uliandika maelezo kwamba kiko gereji, na nikasema mtu hawezi kupoteza siku yake mahakamani kwa faini ndogo kama hana haki. Ulinishawishi, mzee."

Ona mambo. Ubishi wangu ndio uliokuwa umetuficha. Mapenzi ya Shamsia ndiyo yaliyotufichua.

Kasaine akasogea. Nilitegemea ngumi. Laiti angenipiga.

"Mzee," akasema, "mimi nakuamini wewe. Mtu mwongo angelipa siku ya kwanza, akakaa kimya. Wewe umekuja mpaka hapa kukataa. Kwa hiyo gari ni yako, lakini mtu si wewe. Niambie ni nani. Mimi sitaki kupigana. Nataka mama yangu aache kuja hapa kila Jumatatu."

Nkoile alikuwa ananiangalia tu, mikono imekunjwa kwenye shuka. Ningempa jina, kila kitu kingekwisha kwake siku ileile. Jina lilikuwa mdomoni. Nilikuwa nalionja.

Na katika kuinua macho, nikamwona Habakuki anakuja kutoka upande wa kibanda cha chai. Koti lake la kanisani, daftari kwapani, mikononi vikombe viwili vya chai, anatembea polepole isimwagike. Kimoja chake, kimoja changu.

Nisikilizeni vizuri, maana sitarudia kuandika sentensi hii.

"Afande," nikasema, "umesikia mwenyewe mle ndani. Shahidi ameapa. Alhamisi ile funguo alikuwa nazo yeye."

Dunstan akageuka. Kasaine akageuka. Habakuki akafika, ananyoosha mkono kunipa chai, akatukuta wote tunamwangalia yeye.

"Kuna nini?" akauliza.

"Fundi," Dunstan akasema, "Alhamisi ya tarehe kumi na tano Mei, gari la huyu mzee lilimgonga mtu Mkata, likamuua. Umeapa kwamba funguo zilikuwa mfukoni mwako."

Chai ikamwagika kidogo kwenye mkono wake. Hakuonekana kuhisi moto.

"Mimi?" Akanitazama, karibu acheke, kama mtu aliyefanyiwa utani na mtani wake. "Sabiri, waambie. Waambie nilikuwa wapi."

"Alikuwa wapi?" Kasaine akaniuliza.

Nilimfahamu Habakuki miaka kumi na minne. Alichangia msiba wa baba yangu. Hajira alipougua homa ya uti wa mgongo, ni yeye aliyetukimbiza hospitali kwa gari la mteja, akagombezwa na mteja wake kwa ajili yetu.

"Alikuwa gereji," nikasema.

Habakuki aliweka vikombe chini, kimoja kimoja, kwenye ukingo wa mfereji. Akajifuta mikono kwenye koti. Ile mikunjo ya kicheko usoni ilitoweka yenyewe, sikuwahi kuuona uso wake bila hiyo.

Dunstan alikuwa anafungua pingu. Ndipo Nkoile akaongea kwa mara ya kwanza. Aliongea Kimasai, maneno machache, macho yake kwenye ndevu za Habakuki. Kasaine akamjibu kwa haraka, kama anayebisha. Mama akarudia yaleyale, kwa sauti ya juu zaidi, akagusa kidevu chake mwenyewe.

"Anasemaje?" Dunstan akauliza.

Kasaine akasita. "Mama anasema siye huyu. Aliyekuwa anaendesha aligeuka akamwangalia. Anasema hakuwa na ndevu. Hakuwa na mvi. Alikuwa kijana kabisa."

Mkono wa Dunstan ukasimama na pingu. Alimtazama mama, akamtazama Habakuki, akanitazama mimi kwa muda mrefu kuliko wote.

"Fundi," akasema taratibu, "gerejini kwako kuna kijana?"

Habakuki alishusha macho kwenye daftari. Niliona alivyokuwa anakusanya: oili, taa, beseni la petroli, siku yake ya Lutindi, mimi nikimshika bega. Alikusanya kitu kimoja kimoja, kama anavyoweka nati za mteja kwenye karatasi, mpaka zikatimia. Uso aliougeuzia kwangu haukuwa na hasira hata kidogo, ulikuwa umechoka.

"Sabiri," akasema, wala hakupunguza sauti, "leo nimeshaapa uongo mara moja kwa ajili yako. Haya, niambie mbele yao. Sasa unataka niseme nini?"

Simu ikaanza kulia mfukoni mwangu. Ilikuwa Shamsia, na hakuna aliyeondoa macho yake kwangu.